Kusoma Ukingo wa Mbao: Namna ya Kutambua Chanzo cha Ukingo Usio Sawa katika Mashine Ndogo ya Kuchonga

0. Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kueleza namna ya kutambua chanzo cha ukingo mbaya katika mbao iliyochongwa na mashine ndogo inayoongozwa na kompyuta. Msomaji atauliza, pengine kwa haki, jambo hili linatafuta nini katika jarida la taaluma ya Kiswahili. Jibu letu limo katika kisa kifupi.

Kijana mmoja seremala, aliyepata kusoma nasi kabla ya kuacha masomo kwa kukosa ada, alitujia akiwa na kipande cha mbao ya mninga, mti ambao Wabemba huuita mulombwa. Juu yake ilichongwa herufi O kubwa. Kwa mbali ilipendeza. Kwa karibu, ukingo wake ulikuwa na sehemu zilizoraruka kama mkate uliomegwa, na penginepo palikuwa na bapa dogo mahali ambapo mviringo ulipaswa kuendelea. Kijana huyo alikuwa amepokea malipo ya awali kwa ajili ya vibao 12 vya shule moja. Mbao tatu zilikuwa zimekwisha haribika, naye alikuwa amebadilisha kisu cha mashine mara tatu bila nafuu. Alikuwa akifikiri kuiuza mashine ili arudishe fedha za watu. Tulipomwuliza kasoro ni nini, alijibu kwa Kiswahili cha Lubumbashi: “Mwalimu, mashini iko nacheza.”

Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike. Kitenzi “kucheza”, kama kinavyotumika katika karakana, hufunika kasoro zisizopungua nne, na kila moja ina dawa yake. Maadamu zote huitwa kwa jina moja, fundi hutibu moja akidhani anatibu nyingine. Tutajaribu kuonyesha kwamba kila kasoro huacha alama yake katika ukingo, na kwamba anayeweza kuzipambanua alama hizo kwa majina hahitaji kubahatisha. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kazi yetu hapa ni kutofautisha wingu na wingu.

1. Mashine na sehemu zake

Wazo la kuongoza mashine kwa tarakimu si geni. Mwaka 1952, katika taasisi ya MIT nchini Marekani, ilionyeshwa mashine ya kukatia chuma iliyofuata maagizo ya namba zilizotobolewa katika utepe wa karatasi. Yaliyobadilika tangu wakati huo ni bei na ukubwa. Leo mtu binafsi anaweza kumiliki mashine ya mezani ya aina ya CNC, kama ile iitwayo 3018, ambayo uwanja wake wa kazi ni takriban milimita 300 kwa 180. Kijana wetu alikuwa na mashine ya aina hii.

Ili maelezo yanayofuata yaeleweke, tutaje sehemu chache. Kisu kinachozunguka na kukata tutakiita biti. Biti hushikwa na kibanio, nacho huzungushwa na mota kuu. Mota kuu huwekwa juu ya daraja lililopita juu ya meza, na mbao hufungwa mezani. Mwendo ni wa pande tatu: kulia na kushoto (mhimili wa X), mbele na nyuma (mhimili wa Y), juu na chini (mhimili wa Z). Kila mhimili una mota yake ndogo inayokwenda kwa hatua za kuhesabika, nayo huzungusha skrubu ndefu. Juu ya skrubu hiyo hutembea nati ya shaba, na nati ndiyo inayosukuma daraja, mota kuu au meza. Katika mashine nyingine ukanda wenye meno hushika nafasi ya skrubu.

Hapa pana jambo moja la msingi. Mota ndogo ya kawaida huhitaji hatua 200 kuzunguka mara moja. Kifaa cha umeme hugawa kila hatua mara 16, hivyo tunapata 3200. Ikiwa mzunguko mmoja wa skrubu husogeza nati milimita 4, basi kila milimita ni sawa na hatua 800. Kompyuta huhesabu hatua ilizoagiza tu. Haioni biti iko wapi. Nati ikiwa imelegea, au biti ikiwa imepinda, au mbao ikiwa imesogea, hesabu ya kompyuta huendelea kuwa sahihi ilhali ukingo unaharibika. Kwa hiyo shahidi wa pekee wa kosa ni ukingo wenyewe.

2. Kitenzi kimoja, kasoro nne

Tukichunguza matumizi ya “inacheza” katika karakana, tunaona kwamba fundi husema hivyo katika hali nne zifuatazo. Tunapendekeza kila hali ipewe jina lake, kwa maneno ambayo Kiswahili kinayo tayari:

a) Ulegevu: kuna nafasi kati ya vyombo vinavyosukumana, kwa mfano kati ya nati na skrubu. Mota hugeuka, lakini kwa muda mfupi hakuna kinachosogea.

b) Kuyumba: biti haizunguki juu ya kitovu chake, bali ncha yake huchora duara dogo, kama gurudumu la baiskeli lililopinda rimu.

c) Kupinda: biti, mota kuu au daraja husukumwa na ugumu wa mbao, kisha hurudi mahali pake msukumo unapokwisha.

d) Kuhama: kitu kimeondoka mahali pake na hakikurudi. Huenda mbao imeteleza katika vibanio vyake, au mota ndogo imepoteza hatua kwa kuzidiwa.

Tofauti ya maana kati ya maneno haya si ya kinadharia. Ulegevu huonekana mwendo unapogeuka, kuyumba hakukomi, kupinda hutegemea nguvu, kuhama hutokea mara moja na kubaki. Sifa hizi ndizo zinazozaa alama tofauti.

Zipo pia kasoro mbili ambazo si za “kucheza” hata kidogo, ingawa fundi huzichanganya nazo: nyuzi za mbao zilizokatwa kinyume, na mchoro wenyewe uliochorwa vibaya katika kompyuta.

3. Jaribio la kwanza: kutenga mbao na mashine

Mwanafunzi wa fonolojia hufundishwa kwamba, ili kuthibitisha tofauti ya sauti mbili, ni lazima apate maneno mawili yanayolingana katika kila kitu isipokuwa sauti hizo. “Pata” na “bata” hutuambia jambo la hakika juu ya /p/ na /b/. “Pata” na “kiboko” hayatuambii lolote. Kanuni hii ya jozi zenye mlinganuo finyu inafaa vilevile karakanani. Kijana wetu alikuwa amebadilisha biti, akapunguza mwendo na kukaza nati, yote siku moja. Hata kama ukingo ungeboreka, asingejua kwa nini.

Kwa hiyo tulianza na jozi moja. Mchoro ule ule, biti ile ile na mwendo ule ule vilitumika katika ubao wa MDF. Ubao huu hutengenezwa kwa unga wa nyuzi uliogandamizwa kwa gundi, nao hauna mwelekeo wa nyuzi kama mbao ya mti. Mchoro tuliochagua ni duara la kipenyo cha milimita 60, kwa kuwa duara hulazimisha mashine kupita katika kila mwelekeo. Kasoro inayotoweka katika MDF ilitokana na nyuzi za mbao. Kasoro inayobaki ni ya mashine, ya biti au ya mchoro.

Matokeo yalikuwa ya kufundisha. Miraruko yote ilitoweka, lakini bapa mbili zilibaki. Herufi O ile ilikuwa na magonjwa mawili, na kijana alikuwa akiyatafutia dawa moja.

4. Alama na vyanzo vyake

4.1. Nyuzi

Mbao ina nyuzi zilizolala kwa urefu. Biti inapozunguka duara, sehemu nyingine huzikata nyuzi kwa kuzilaza, na sehemu nyingine huziinua na kuzing’oa. Kwa sababu hiyo miraruko ya nyuzi haienei duara zima. Huonekana katika robo mbili zinazotazamana kwa mshazari, na robo nyingine mbili huwa laini. Alama hii haina mshirika: ukiona robo mbili nzuri na robo mbili mbaya, usiguse nati wala mota.

Dawa yake ni ya namna tatu. Kwanza, biti iwe kali. Pili, umbo la biti lichaguliwe: biti ambayo mifuo yake huvuta maranda kwenda juu hurarua uso wa juu wa mbao, na ile inayosukuma chini hulinda uso wa juu lakini hujaza maranda mferejini. Kwa herufi za kibao, ambazo hutazamwa kwa juu, hii ya pili hufaa zaidi, mradi kina cha kila pito kiwe kidogo. Tatu, uangaliwe mwelekeo wa safari, jambo tutakalolirudia katika sehemu ya 5.

4.2. Ulegevu

Katika duara, mhimili wa X hugeuza mwendo wake mahali pawili tu: kulia kabisa na kushoto kabisa. Mhimili wa Y hugeuza juu kabisa na chini kabisa. Nati ikiwa na ulegevu, mhimili husimama kidogo kila unapogeuka, ilhali mhimili mwenzake unaendelea. Hapo ndipo bapa huzaliwa. Kwa hiyo bapa za kulia na kushoto hushtaki mhimili wa X. Bapa za juu na chini hushtaki mhimili wa Y. Zikiwa nne, mihimili yote miwili ina kesi.

Kupima ulegevu hakuhitaji chombo cha ghali. Badala ya biti, funga penseli iliyochongwa vizuri, au sindano. Iagize mashine ifike katika namba fulani ikitokea kushoto, uweke alama. Kisha ipite mbele, irudi katika namba ile ile ikitokea kulia, uweke alama ya pili kando yake. Umbali kati ya alama hizo mbili ndio ulegevu.

4.3. Kuyumba

Biti inayoyumba hukata mfereji mpana kuliko kipenyo chake. Kata mfereji mmoja ulionyooka, kwa pito moja jepesi, na upime upana wake. Biti ya milimita 3.175 ikitoa mfereji wa milimita 3.4 au zaidi, shuku kibanio. Alama nyingine ni kwamba kingo zote mbili za mfereji ni mbaya kwa kiasi kimoja, katika kila mwelekeo, na biti huchakaa upesi upande mmoja. Aghalabu chanzo ni unga wa mbao uliojificha ndani ya kibanio. Kifungue, kisafishe kwa brashi, ukirudishe. Kabla ya kugusa biti, chomoa waya wa umeme. Kuzima kwa kompyuta pekee hakutoshi.

4.4. Kupinda

Alama ya kupinda ni mistari ya ngazi katika ukuta wa mkato, mmoja kwa kila kina biti iliposhuka, au mawimbi yanayofuatana kwa nafasi sawa pamoja na mlio mkali. Huzidi katika mbao ngumu na hupungua katika mbao laini; kwa dalili hiyo hutofautiana na ulegevu, ambao hauchagui mbao.

Hesabu hapa ni muhimu. Kupinda kwa biti hufuata urefu wake uliotokeza kwa kipeo cha tatu, na hupungua kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake. Maana yake ni kwamba kupunguza urefu kutoka milimita 20 hadi 15 hufanya kupinda kuwe chini ya nusu, na biti ya milimita 6 ni imara mara 16 kuliko ya milimita 3 yenye urefu ule ule. Kwa hiyo, kabla ya kulaumu daraja, ingiza biti ndani zaidi ya kibanio, na upunguze kina cha kila pito. Katika mashine ndogo kama hii, kwa mbao ngumu, kina cha nusu milimita hadi milimita moja kinatosha.

Ngazi zikionekana pia katika sakafu ya shimo lililochongwa, ukazihisi kwa ukucha, kosa si kupinda bali ni mota kuu iliyofungwa kwa kuinama. Hiyo hunyooshwa kwa kulegeza skrubu zake na kuweka kipande chembamba cha bati au karatasi upande unaohitaji.

4.5. Kuhama

Kasoro hii ndiyo rahisi kutambua. Kuanzia mahali fulani, umbo lote linalofuata limesogea upande mmoja, kama ukurasa uliopigwa chapa mara mbili bila kulingana. Ikiwa mbao iliteleza, utaona mkwaruzo chini ya vibanio. Ikiwa mbao haikuteleza, mota ndogo imepoteza hatua: mwendo ulikuwa wa haraka mno, au maranda yamejaa katika skrubu, au kifaa cha umeme kimepata joto. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kompyuta husahau mahali biti ilipo, na kuendelea kwa makisio huleta alama hii hii. Hapana budi kuweka mahali pa kuanzia panapoweza kupatikana tena kwa yakini, kwa mfano pembe ya ubao iliyotiwa alama.

4.6. Mchoro

Programu nyingine haziandiki mviringo bali huandika mistari mifupi mingi iliyonyooka. Duara la nusu kipenyo cha milimita 50 likigawanywa katika mistari 36, katikati ya kila mstari ukingo huwa ndani ya duara la kweli kwa karibu milimita 0.19. Jicho huona tofauti hiyo, na kidole huihisi. Alama yake ni pembe ndogo zilizoachana kwa nafasi sawa kuzunguka duara zima, tena mahali pale pale kila ukirudia kazi, hata katika mbao nyingine. Dawa iko katika kompyuta: ongeza idadi ya mistari, au tumia programu inayoandika tao halisi.

5. Mwelekeo na kasi

Mota kuu kwa kawaida huzunguka kufuata saa ikitazamwa kwa juu. Biti ikizunguka nje ya umbo kwa kufuata saa, meno yake huingia katika mbao kwa unene na kutoka kwa wembamba. Nyuzi hulazwa na ukingo huwa laini. Lakini mbao huivuta biti mbele, na penye ulegevu biti huruka. Ikizunguka kinyume cha saa, mwendo hutulia, ila nyuzi huinuliwa zaidi. Ndani ya tundu, kama tundu la herufi O, mambo hugeuka: kinyume cha saa ndiko kunakolaza nyuzi.

Njia ya kati inayotumiwa na mafundi wengi ni hii: kata kwanza kinyume cha saa ukiacha milimita 0.3 nje ya mstari, kisha pita mara ya mwisho kwa kufuata saa ukiondoa wembamba huo tu. Nguvu huwa ndogo, hivyo kupinda na kuruka hupungua.

Kuhusu kasi, kila jino la biti linapaswa kula kiasi fulani cha mbao. Zidisha mizunguko kwa dakika, idadi ya meno na unene wa randa moja. Mizunguko 9000, meno 2 na unene wa milimita 0.04 hutoa mwendo wa milimita 720 kwa dakika. Mwendo ukiwa wa polepole mno, jino husugua badala ya kukata, na ukingo huwa mweusi kwa kuungua. Ukiwa wa haraka mno, tunarudi katika kupinda na kuhama. Inafaa kukumbuka kwamba nguvu ya umeme inaposhuka mota kuu inaweza kupunguza mizunguko ilhali mwendo wa mihimili unabaki ule ule. Namba iliyofaa asubuhi inaweza kushindwa jioni.

6. Kisa kilivyokwisha

Tulipopima mhimili wa X kwa penseli, alama mbili ziliachana kwa takriban theluthi moja ya milimita. Kijana alisema, kwa uchungu, kwamba nati ya mhimili huo ameshaikaza mara mbili. Alisema kweli. Ulegevu haukuwa katika nati. Tuliposhika skrubu ndefu yenyewe na kuivuta, ilisogea kwa urefu wake, kwa kuwa kiunganishi kati yake na mota kilikuwa na skrubu ndogo iliyolegea. Neno “inacheza” lilikuwa limempeleka kwenye nati, kwa sababu huko ndiko alikozoea kuona kitu kikicheza. Swali “nafasi iko kati ya nini na nini?”, ambalo neno ulegevu humlazimisha mtu kuliuliza, lilimpeleka mahali pengine.

Skrubu ile ilikazwa kwa dakika chache. Bapa zilitoweka katika MDF. Kisha, katika mninga, alitumia biti yenye kusukuma chini na pito la mwisho la kufuata saa. Miraruko ilipungua hadi kiasi ambacho msasa mwepesi uliondoa. Vibao 12 vilipelekwa, kimoja kikiwa kimechongwa upande wa nyuma wa mbao iliyoharibika, kwa kuwa fedha za mbao nyingine hazikuwapo.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba miraruko ya robo mbili ni ya nyuzi. Bapa penye kugeuka ni za ulegevu. Mfereji mpana ni wa kuyumba. Ngazi za ukutani ni za kupinda. Umbo lililosogea ni la kuhama. Na pembe zinazojirudia ni za mchoro. Tumeona pia kwamba njia ya kuzitambua ni kubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja.

Mara nyingi husemwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya ufundi, na kwamba fundi hana budi kukopa. Kukopa si aibu, nasi tumekopa biti, mota na skrubu bila kuona haya. Lakini maneno yaliyokiokoa kibarua cha kijana huyu hayakuwa ya kukopa: ulegevu, kuyumba, kupinda na kuhama ni maneno ambayo kila msomaji wa jarida hili anayajua. Upungufu haukuwa katika lugha. Ulikuwa katika desturi ya kutosheka na neno moja. Tungewaomba wanafunzi wetu wanaotafuta mada za utafiti waende karakanani wakiwa na daftari, wasikilize ni vitenzi gani vingine vinavyobeba mizigo ya wenzao, na wawasaidie mafundi kuigawa mizigo hiyo.